Abiria Hakutuacha kwa Sababu ya Zeituni

Ndugu Mwenyekiti, wakurugenzi na mameneja wa mashirika ya ndege, wahudumu wa angani na wa ardhini, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie kushuka kwa viwango vya huduma katika usafiri wa anga, na sababu ya abiria wetu kutotulia tena kwenye shirika moja. Hotuba za namna hii nazijua zinavyoanza. Msemaji hukumbusha vijiko vya chuma, vitambaa vyeupe vya mezani, na wahudumu waliokuwa na muda wa kusimama wakazungumza na abiria. Anatikisa kichwa, ukumbi mzima unatikisa kichwa, halafu tunakwenda kunywa chai. Leo mtanisamehe, maombolezo hayo nayaruka.

Vile vitambaa vilikuwa na sababu yake. Nchini Marekani, hadi mwaka 1978, nauli za safari kati ya jimbo na jimbo zilipangwa na bodi ya serikali. Shirika halikuwa na uhuru wa kumshushia abiria bei, kwa hiyo likamgombania kwa nyama iliyokatwa mbele yake na kwa sare za kupendeza. Oktoba mwaka huo Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoondoa udhibiti huo, mashirika yakaanza kupigana kwa bei, na watu ambao hawakuwahi kuota kupanda ndege wakapanda. Ulaya nayo ililegeza masharti yake katika miaka ya 1990. Anayezililia enzi zile ajiulize kwanza kama yeye angekuwamo ndani ya ndege.

Kwa hiyo sehemu ya hiki tunachokiita kushuka kwa huduma ni gharama ya unafuu. Abiria aliwekewa mbele yake mlo na nauli ya chini, akachagua nauli. Tusimlaumu, na tusijilaumu.

Iko hadithi inayosimuliwa sana katika kazi yetu, ya Robert Crandall, aliyekuwa mkuu wa American Airlines. Katika miaka ya 1980 aliagiza zeituni moja iondolewe kwenye kila sahani ya saladi, na inasemekana shirika likaokoa dola 40,000 kwa mwaka. Nani alihama shirika kwa sababu ya zeituni? Hakuna. Ila wengi tuliosikia hadithi ile tuliondoka na somo moja tu, kwamba kitu kisicholalamikiwa leo kinaweza kuondolewa kesho, na kila meneja aliyekuja akatafuta zeituni yake. Ukaenda mto, likaenda blanketi, ukaenda mlo wenyewe. Mwaka 2008, mafuta ghafi yalipopita dola 130 kwa pipa, American wakaanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza la shehenani. Kabla mwaka haujaisha bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka. Tozo haikuporomoka nayo. Ilibaki, wengine wakaiga, na tangu hapo imekuwa ikipanda. Nafasi kati ya kiti na kiti, ambayo zamani katika daraja la kawaida ilikuwa inchi 34 au 35, leo katika ndege nyingi ni 31 au pungufu, na yako mashirika yaliyofika 28. Mwenye miguu mirefu anajua ninachosema.

Hata hapo abiria alivumilia, na ushahidi wake ni Ryanair, shirika la nauli za chini la Ayalandi. Hawa wanatoza begi, wanatoza kuchagua kiti, wanakutoza ukisahau kujisajili mtandaoni. Mkuu wao, Michael O'Leary, amewatania wateja wake hadharani kwa miaka mingi bila kuona haya. Na bado, katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, walibeba abiria milioni 200. Abiria hao hununa, hulalamika, halafu hukata tiketi nyingine. Walijua walichonunua na walikipata.

Basi kama si mlo na si kiti, ni nini kilichotukosanisha na watu wetu?

Nimefanya kazi ya kusoma malalamiko ya abiria kwa miaka mingi, katika mashirika ambayo sitayataja. Barua za hasira ya kweli, zile za mtu anayeandika kwamba hatarudi tena, ni chache mno zinazozungumzia chakula. Zinasema hivi: niliambiwa ndege inachelewa nusu saa, nikaambiwa tena nusu saa, nikaambiwa tena, mpaka usiku. Au: nilipiga simu mara kadhaa, kila aliyepokea akaniambia jambo tofauti. Au: msichana wa kaunta alinionea huruma, nikamwona kabisa ananionea huruma, lakini akasema mfumo haumruhusu. Sentensi hiyo ya mfumo hauruhusu nimeisoma mpaka naiona ndotoni. Mtu huyo amekubali kuchelewa, maana mvua na ukungu havina mwajiri. Kilichomtoa ni kudanganywa, na kukosa mtu mwenye uwezo wa kumsaidia.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Sisi tumezoea kuuza ahadi mara mbili.

Mkidhani natia chumvi, tazameni lililotokea Australia. Qantas ni shirika lililoanzishwa mwaka 1920, miongoni mwa yale makongwe kabisa duniani, na kwa vizazi lilikuwa fahari ya taifa. Huwezi kununua uaminifu wa namna ile kwa matangazo. Mwezi Agosti 2023 mamlaka ya ushindani na walaji ya nchi hiyo ililipeleka mahakamani kwa kuendelea kuuza tiketi za maelfu ya safari ambazo shirika lenyewe lilikuwa limeshaamua kuzifuta. Fikirieni vizuri: abiria analipa, anapanga likizo, anaomba ruhusa kazini, wakati ofisini wanajua ndege hiyo haitaruka. Siku chache baada ya kesi kufunguliwa, mtendaji mkuu Alan Joyce aliondoka miezi miwili kabla ya muda wake. Mwezi huo wa Septemba Mahakama Kuu ya Australia ikathibitisha kwamba shirika lilivunja sheria lilipowaondoa wafanyakazi wa ardhini wapatao 1,700 mwaka 2020 na kuwapa kazi yao wakandarasi. Hatimaye Qantas walikubali kosa la tiketi, wakatozwa faini ya dola milioni 100 za Australia, na wakatenga milioni 20 nyingine za kuwalipa abiria walioathirika.

Nimeunganisha kesi hizo mbili makusudi. Wanaopokea mabegi, wanaosukuma viti vya magurudumu, wanaomwambia abiria aliyepotelewa na mzigo kwamba utafika kesho saa nne, wao ndio shirika kwa macho ya abiria. Yule aliyeko makao makuu hajawahi kuonwa na mtu. Ukiwatoa wale unapata nafuu kwenye vitabu vya hesabu mwaka huu, na mwaka unaofuata unashangaa kwa nini mizigo inapotea na simu za malalamiko hazikatiki. Sisemi kila kazi iliyopelekwa kwa wakandarasi imeharibika. Nasema mkataba wa mkandarasi hupimwa kwa dakika na kwa bei, na anayepimwa hivyo atakupa dakika na bei.

Sasa niende kwenye jambo linaloniudhi zaidi, na hapa mtaniruhusu nichukue muda.

Mwezi Mei 1981 American Airlines walizindua AAdvantage, mpango wa kuhesabu maili za msafiri na kumzawadia. United, shirika jingine la Marekani, wakafuata siku chache baadaye, kisha dunia nzima. Mwanzoni ulikuwa mpango wa shukrani: umesafiri nasi sana, hii hapa safari ya bure. Anayeruka mbali anapata zaidi, na kuna jedwali linalokuambia wazi ukifikisha maili kadhaa unakwenda wapi. Mtu aliweza kukaa na kalamu akapiga hesabu ya likizo ya familia yake.

Kisha tukagundua kwamba maili zinauzika. Benki zilianza kuzinunua kwa wingi ili ziwagawie wenye kadi za mkopo, na fedha hizo zikawa tamu kuliko za kuuza viti. Mwaka 2023 Delta, nao wa Marekani, walipokea karibu dola bilioni 7 kutoka kwa kampuni ya kadi za mkopo ya American Express peke yake. Janga la korona lilipotua na ndege zikaegeshwa, United walikopa dola bilioni 6.8 kwa kuuweka rehani mpango wao wa MileagePlus. Delta wakapata bilioni 9 kwa njia hiyohiyo, na American bilioni 10 mwaka uliofuata. Wathamini waliupa mpango wa United thamani ya karibu dola bilioni 22, kubwa kuliko thamani ya hisa zote za shirika lenyewe sokoni wakati ule. Someni tena hesabu hiyo mkifika nyumbani. Ndege, marubani, njia, jina, vyote pamoja vilionekana vya thamani ndogo kuliko daftari la pointi.

Daftari linapokuwa mali kuliko ndege, lazima lishikwe na watu wa fedha. Kuanzia 2015 Delta na United waliacha kuhesabu umbali aliosafiri abiria, wakahesabu fedha alizotumia. American wakafuata mwaka 2016. Jedwali la zawadi likaondolewa taratibu, bei ya tiketi ya maili ikaanza kubadilika kama bei ya nyanya, na yule aliyekuwa na kalamu na hesabu ya likizo akagundua kwamba maili alizokusanya kwa miaka zimepungua nguvu bila yeye kuulizwa. Kiuchumi jambo hilo lina mantiki, nakiri. Mtu aliyelipa nauli kubwa ya dakika za mwisho analeta faida kuliko yule aliyevizia ofa. Lakini shukrani ukishaipigia hesabu hivyo, anayeipokea naye anaanza kupiga hesabu. Anakuwa mwaminifu kwa kadi yake, na ndege kwake ni mahali pa kutumia pointi. Siku benki nyingine ikimpa pointi nyingi zaidi, hamnaye tena.

Mwezi Septemba 2023 Delta walitangaza kubana zaidi masharti ya kupanda ngazi za wanachama wa mpango wao wa maili na kuwawekea wenye kadi kikomo cha kuingia kwenye kumbi za mapumziko. Wasafiri wao wakubwa kabisa, wale wa ngazi za juu, walifoka kwa namna ambayo mtendaji mkuu Ed Bastian alilazimika kusema kwamba huenda walikwenda mbali mno, na mwezi uliofuata masharti yakalegezwa kwa sehemu. Wapo mashirika mengine waliochekelea kisha wakatangaza kuzipokea ngazi za wateja hao kama zilivyo. Miaka ya kumlea mteja, na mshindani anamchukua kwa fomu moja.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bajeti ya kutembeza pointi imekuwa kubwa, na nauliza ile ya kumlipa mtu wa kaunta imekwenda wapi.

Nami sitaki mtu aseme naongea nadharia. Mwaka 1981 Jan Carlzon alikabidhiwa SAS, shirika la nchi za Skandinavia, likiwa linapoteza fedha. Alifanya hesabu rahisi. Abiria milioni kumi kwa mwaka, kila mmoja anakutana na wafanyakazi kama watano, kila mkutano unachukua wastani wa sekunde 15. Akasema shirika liko ndani ya sekunde hizo, halipo kwenye ndege wala kwenye majengo. Kwa kuwa katika sekunde 15 hakuna nafasi ya kumwuliza meneja, akawapa watu wa mstari wa mbele uwezo wa kuamua wenyewe. Shirika likarudi kwenye faida na kwa muda likawa kipenzi cha wasafiri wa kibiashara. Naongeza kwa haki kwamba SAS hiyohiyo, miaka mingi baada ya Carlzon kuondoka, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2022. Huduma njema haikukingi na kila kitu.

Linganisheni na lililotokea Chicago Aprili 2017. Ndege imejaa, abiria wameshaketi, na United wanahitaji viti vinne kwa ajili ya wafanyakazi wao. Wakatangaza fidia kwa atakayejitolea kushuka, wakafika dola 800, hakuna aliyenyanyuka. Wafanyakazi wakafuata utaratibu: wakachagua majina, na mmoja alipokataa wakaita walinzi wa uwanja. Abiria akaburutwa kwenye njia ya kati, damu usoni, simu za watu zikirekodi. Kauli ya kwanza ya mkuu wa shirika iliomba radhi kwa maneno ya kiofisi ambayo yalizidisha hasira. Kabla mwezi haujaisha shirika lilitangaza kwamba kuanzia sasa abiria anayejitolea anaweza kupewa hadi dola 10,000. Kumbe uwezo ulikuwapo. Haukuwa mikononi mwa mtu aliyesimama mlangoni jioni ile.

Kila mara tunapozungumzia tabia mbaya za wahudumu nataka tukumbuke mlango ule. Mtu akinyimwa uamuzi kwa muda mrefu, anajifunza kutokutazama machoni. Nani atatazama machoni mtu ambaye huwezi kumfanyia lolote?

Najua mnachoniandalia kwa wakati wa maswali. Mtasema biashara hii haina mafuta ya kukaangia. Kweli. Kwa hesabu za shirikisho letu la kimataifa, IATA, faida halisi ya mashirika yote duniani mwaka 2024 ilikuwa kama dola 7 kwa kila abiria. Ukimpa abiria mmoja chumba cha hoteli umekula faida ya abiria kadhaa. Mtasema pia kwamba abiria hulalamika lakini hahami, kwa kuwa hana pa kwenda. Hiyo nayo ni kweli mahali pengi. Marekani, baada ya Delta kumeza Northwest mwaka 2008, United na Continental kuungana 2010 na American kuungana na US Airways 2013, makampuni manne, yaani hayo matatu na Southwest, yalibaki na takriban asilimia 80 ya soko la ndani. Uwanja unaotawaliwa na shirika moja haumwachii mtu mengi ya kuchagua.

Ila msimchanganye mtu asiye na njia nyingine na mtu anayewapenda. Takwimu zao zinafanana mpaka siku mlango mwingine unapofunguka. Na asiyeweza kuhama hulalamika mahali pengine, kwa wabunge wake. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya mwaka 2004 inayomlipa abiria ambaye safari yake imefutwa euro 250 hadi 600 kulingana na umbali, ikatumika kuanzia 2005, na mahakama zikaitanua hadi kwenye ucheleweshaji wa saa tatu. Marekani nayo, mwaka 2024, ilielekeza abiria arejeshewe nauli bila kuomba pale safari inapofutwa au kuchelewa sana na yeye akakataa mbadala. Sheria hizi mnazilalamikia kila mkutano. Zilitungwa na watu waliokuwa abiria wetu.

Halafu liko la Southwest, ambalo naliangalia kwa huzuni. Hawa walikuwa na jambo moja rahisi la kumwambia abiria: mabegi yako mawili yanasafiri bure. Desemba 2022 mfumo wao wa kupanga wafanyakazi ulizidiwa na dhoruba, safari zaidi ya 16,000 zikafutwa, abiria zaidi ya milioni mbili wakakwama msimu wa sikukuu. Serikali iliwatoza adhabu ya dola milioni 140. Na bado wengi walirudi! Waliona ni ajali ya shirika wanalolijua. Kisha mwaka 2024 wawekezaji wakabana, na kuanzia tiketi za tarehe 28 Mei 2025 begi la bure likaondoka kwa abiria wengi. Mahesabu ya tozo huenda yakawa sahihi. Lakini dhoruba abiria aliisamehe, na sijui mtamwambia nini kuhusu begi, kwa sababu mlikaa mezani mkaamua.

Nikiwa na la kuomba, ni dogo na linagharimu. Wapeni watu wa kaunta kiwango cha fedha wanachoweza kutumia bila kuomba kibali, na msiwaadhibu wakikitumia. Watu wa operesheni wanapojua ndege haitaruka, abiria aambiwe saa hiyohiyo, hata kama ujumbe huo utamfanya adai nauli yake. Na mnapoketi kujadili thamani ya mpango wa pointi, mwite kwenye kikao mhudumu mmoja aliyefanya zamu ya usiku siku safari zilipofutwa, azungumze kabla ya mtu wa fedha.

Muda wangu umekwisha, nitapokea maswali. Naomba Mwenyekiti aanze na wale waliovaa sare kule nyuma, maana wana ndege ya kuhudumia mchana huu.